Goblini wenye lafudhi ya majirani: jibu kwa msomaji wa Katuba

Swali

"Jambo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, nakaa Katuba hapa Lubumbashi. Kila Jumamosi tunakutana watano kwenye parseli ya wazazi wangu kucheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa kubuni kwa dadu, kwa kitabu cha Kifaransa, na mimi ndiye mwongoza mchezo. Jumamosi iliyopita niliwaleta goblini, viumbe wadogo wa hadithi, wanaolinda daraja na kutoza ushuru. Ili watu wacheke niliwapa lafudhi ya Wakasai, wale wenye asili ya Kasai, nikawafanya wapenda pesa wanaobebana wao kwa wao. Walicheka wote isipokuwa dada mmoja ambaye baba yake ni Mukasai. Alifunga daftari lake, akasema 'endeleeni', akaenda nyumbani. Tangu siku ile hajibu ujumbe wangu. Wenzangu wanasema amezidisha, kwamba goblini hawapo duniani, na kwamba ni kitabu chenyewe kinachosema goblini ni wachoyo na waongo. Kosa ni la kitabu au ni langu? Na nikiondoa mbari zote za viumbe, mchezo utabaki na ladha gani? Aksanti."

Jibu

Jambo, mdogo wangu. Lafudhi ni kosa lako. Orodha ya tabia za kuzaliwa nazo ni kosa la kitabu. Yamekutana mezani kwako kwa sababu yanafanana kuliko unavyodhani, na nitakueleza kwa kirefu. Lakini kabla hujafika mwisho wa barua hii, nenda kamwone huyo dada. Usimwandikie tena, wala usiyamalize kwenye kikundi cha WhatsApp mbele ya waliocheka. Ukifika, sema ulichofanya bila kukizungusha: ulichukua namna ya kusema ya watu wa baba yake ukawavalisha wezi wa darajani. Usimwambie "samahani kama uliumia", kwa sababu hiyo "kama" inarudisha kazi kwake. Na usimwombe akufundishe mambo ya Wakasai. Hilo ni jukumu la sisi tuliosoma historia, na ndiyo sababu nakuandikia.

Wenzako wanasema goblini hawapo. Ni kweli hawapo. Maneno uliyowavika yapo, na katika nchi yetu yamewahi kupakia watu kwenye mabehewa. Mwaka 1992 na 1993, mkoa wetu wa Katanga ukiitwa bado Shaba, Wakasai walifukuzwa kwenye nyumba zao Likasi na Kolwezi. Familia zilipanga magodoro kwenye stesheni, zikingoja treni ya kuzirudisha "kwao", mahali ambapo wengi wao, waliozaliwa hapa, walikuwa hawajawahi kufika. Waliokimbia walihesabiwa kwa mamia ya maelfu, na kuna waliokufa njiani na katika stesheni zenyewe. Wakati huo waliitwa hadharani bilulu, yaani wadudu. Na mashtaka yalikuwa yapi? Kwamba wanapenda pesa, wanabebana, wamejaza ofisi. Linganisha na goblini wako. Wewe hukuwa na nia hiyo, naamini kabisa. Lakini ulichukua mtu, ukampa mwili wa kiumbe asiye mtu, ukamrudishia mashtaka yaleyale. Binti wa Mukasai aliyekulia Lubumbashi hahitaji dakika mbili kulitambua hilo. Huenda amelisikia nyumbani kwao tangu utotoni, kwa sauti ya chini.

Sasa kitabu, ila nipitie kwanza historia yetu. Mashtaka yale hayakuota yenyewe. Kampuni ya madini, Union Minière du Haut-Katanga, iliundwa mwaka 1906, mji wetu ukaanzishwa mwaka 1910, na migodi ikawa na njaa ya mikono. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi. Ili kupanga nani aende wapi, maofisa, wamisionari na waajiri walizoea kueleza kila watu kwa sentensi moja. Mluba wa Kasai ana akili, mchapakazi, anashika upesi mambo ya Wazungu: mpeleke ofisini na relini. Mbangala ni mpiganaji: mpeleke jeshini. Mwingine mzito, mwingine mvivu, mwingine mwaminifu lakini hana kichwa. Ajabu ni kwamba "Wabangala" walikuwa mkusanyiko wa watu mbalimbali wa kando ya mto Kongo waliotiwa kapu moja, kisha Force Publique, jeshi la koloni, ikawahesabu kama taifa moja la wapiganaji wa kuzaliwa. Karatasi ilitangulia, watu wakafuata.

Fungua kitabu chako cha toleo la tano, lile la mwaka 2014. Elfi, yule kiumbe mwembamba wa hadithi, anaongezewa 2 za wepesi kwenye karatasi ya mhusika. Nusu-orki, mwenye damu ya binadamu na ya orki, kiumbe mkali wa vita, anaongezewa 2 za nguvu na 1 ya ustahimilivu. Katika nyongeza iliyotoka mwaka 2016, orki kamili anapewa 2 za nguvu, 1 ya ustahimilivu, halafu anapunguziwa 2 za akili. Jina la watu liko kushoto, thamani yao kulia, na mtoto anazaliwa nayo kabla hajafundishwa kitu chochote. Waliobuni mchezo huu hawakuwahi kunakili makaratasi ya Wabelgiji, na sitaki uelewe hivyo. Walikuwa na njia yao wenyewe ya kufika palepale, na inafaa uijue, maana itakusaidia kuona ni wapi pa kutengeneza.

Dungeons & Dragons ilichapishwa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson kule Marekani. Ilitoka tumboni mwa michezo ya vita ya vijisanamu mezani. Mwaka 1971 Gygax na Jeff Perren walikuwa wametoa kanuni za vita za zama za kati, Chainmail, zenye nyongeza ya viumbe wa ajabu. Katika mchezo wa vita, orki ni kikosi. Kikosi hakina mama, hakina deni, hakibishani na mkuu wake. Kina nguvu fulani na kiko upande fulani. Ndiyo maana viumbe walipangwa katika safu mbili, za Utaratibu na za Vurugu, na wachache katikati. Ilikuwa ni kujua tu nani anasimama na jeshi gani. Baadaye mchezo uliacha majeshi ukamfuata mtu mmoja mmoja, mwenye jina na nyumbani kwao, lakini ile safu ya vita ikabaki imemganda mwilini. Kilichokuwa "yuko upande wa adui leo" kikageuka "amezaliwa mbaya".

Kanuni za mwaka 1974 zilikwenda mbali zaidi: kibete, yule mchimba madini mfupi wa hadithi, hakuweza kupita ngazi ya 6 ya upiganaji, na wale watu wafupi wa mashambani waliishia ngazi ya 4. Binadamu peke yake ndiye aliyepanda bila dari. Mzee yeyote aliyefanya kazi hapa kabla ya 1960 atakueleza maana ya kuwa na ngazi ambayo watu wa aina yako hawaipiti hata wafanye nini. Halafu likaja toleo la mwaka 1978. Ndani yake kuna jedwali ambalo huwa nawaonyesha wanafunzi wangu. Juu yameandikwa majina ya mbari, pembeni yameandikwa majina yaleyale, na kila zinapokutana kuna herufi moja inayosema hawa wanawaonaje wale: wanawapendelea, wana nia njema nao, wanawavumilia, hawana neno nao, hawawapendi, au wanawachukia. Kibete na nusu-orki wakikutana ni chuki, imeshaandikwa, wala hawajasalimiana. Kaa na jedwali hilo dakika chache. Hakuna mahali pa kuandika kwamba huyu na yule waligombania kisima, au walioana, au babu zao waliuziana chumvi. Chuki haina sababu kwa hiyo haina dawa. Waswahili wana methali ya samaki mmoja akioza; hapa methali imegeuzwa kuwa sheria, na samaki hajaoza bado.

Orki mwenyewe aliingia mchezoni kutoka kwa J. R. R. Tolkien, mwandishi wa riwaya wa Uingereza. Katika barua aliyoandika mwaka 1958 kuhusu mswada wa filamu, Tolkien aliwaeleza orki kwa kuwafananisha na Wamongolia walio wabaya zaidi kwa sura, machoni pa Wazungu. Aliandika waziwazi kwamba ni machoni pa Wazungu, na miaka yake ya mwisho lilimsumbua sana swali kama inawezekana kuwepo watu waliozaliwa wabaya wote. Hakulimaliza. Mchezo ulichukua sura, ukaacha swali.

Rafiki zako watauliza: namba ndogo kama hizo zina madhara gani? Swali zuri, nami kama mwongoza mchezo wa siku nyingi nalijibu kwa dadu. Kupunguziwa 2 za akili ni kupoteza 1 katika kila mrusho wa dadu la pande 20 unaotegemea akili, yaani nafasi 5 katika 100. Ni kidogo mno. Orki mchawi angeweza kuishi nayo. Lakini mchezaji anayejaza karatasi yake kwa mara ya kwanza hahesabu hivyo. Anaona alama ya kutoa kwenye akili na alama ya kujumlisha kwenye nguvu, anampa orki shoka. Wa pili anampa shoka. Wa tatu pia. Baada ya mwaka mezani hapajatokea orki hata mmoja aliyesoma, na mtu anakwambia: "Unaona? Orki ndivyo walivyo." Hivyo ndivyo lebo inavyojitengenezea ushahidi. Waliopelekwa ofisini wakajaa ofisini, kisha wakashtakiwa kwa kujaa ofisini.

Nisisitize hapo, kwa sababu ndipo watu wema wanapoteleza. Sentensi ya mkoloni kuhusu Mluba wa Kasai ilikuwa sifa. Ana akili, anajituma. Nani angekataa kusifiwa? Na sifa hiyohiyo miaka hamsini baadaye ikawa mashtaka: wanajiona, wanatutawala kwenye nchi yetu. Kwa hiyo usifikiri utatengeneza mambo kwa kubadilisha orki mjinga kuwa orki mwenye hekima ya porini, anayeongea na miti na asiyejua uongo. Umebadilisha sentensi tu, mtu bado hajapata nafasi ya kuwa mtu. Elfi wamesifiwa tangu mwanzo kwamba ni wazuri, wa kale, wenye adabu, na sijui mwongoza mchezo hata mmoja ambaye elfi wake mchoyo hakumshangaza mchezaji.

Kuna mtego mwingine ulio karibu na huo. Mwaka 1978 mchezo ulileta drow, elfi wa chini ya ardhi, ngozi nyeusi, wabaya kwa desturi na kwa ibada. Mwaka 1988 akatokea riwayani Drizzt Do'Urden, drow mwema aliyewakimbia wenzake. Vijana walimpenda, nami nampenda. Lakini mwema mmoja anayesifiwa kwa kutofanana na watu wake anaacha kila kilichosemwa juu ya watu wake mahali pake. Muulize dada yule ni mara ngapi ameambiwa "wewe si kama Wakasai wengine", na aliyesema akingoja kushukuriwa.

Kwa haki ya wachapishaji, hawakukaa kimya. Juni 2020, Wizards of the Coast, wenye mchezo tangu mwaka 1997, walitangaza kwamba orki na drow walikuwa wamechorwa kwa namna inayokumbusha vibaya jinsi makabila ya kweli yalivyodharauliwa, na bado yanadharauliwa. Waliwarekebisha pia Wavistani, watu wa misafara waliokuwa wamekopwa moja kwa moja kutoka kwenye dharau dhidi ya Waromani wa Ulaya. Mwaka huohuo ikatoka kanuni ya hiari ya kuhamisha nyongeza za namba kwenda popote mchezaji anapotaka, na alama za kutoa zikaondolewa. Pathfinder, mchezo wa kampuni ya Paizo, ulikuwa umeshaacha jina la mbari mwaka 2019 ukazungumzia asili ya ukoo. Na katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 2024, D&D inasema spishi, huku nyongeza za namba zikitoka kwenye usuli wa mhusika: alikuwa mkulima, mwandishi, askari, fundi. Kubadili jina peke yake nakuona ni kazi ndogo. Kuhamisha namba kutoka damuni kwenda kwenye maisha ndiyo kazi kubwa, na nawapongeza kwa hilo bila kusita.

Lakini ona ilivyo rahisi kurudi nyuma. Mwaka 2022, miaka miwili baada ya tangazo lile, kampuni hiyohiyo ilichapisha hadozee: watu wenye umbo la nyani, ambao kwa hadithi yao mpya walikuwa wanyama, mchawi akawakamata na kuwapa dawa ya kuwaamsha akili na kuwafanya wastahimili maumivu, akitaka kuwauza, mpaka wanafunzi wa mchawi walipowafungulia. Wasomaji walipiga kelele, na mnamo Septemba kampuni ikaomba radhi na kuyaondoa maneno hayo. Mkongomani anayesoma hadithi ya namna hiyo hawezi kuwaza mambo ya kubuni tu. Mwaka 1897 Wakongomani 267 walipelekwa Ubelgiji kwa maonyesho ya Leopold wa Pili, wakakalishwa Tervuren ili watu waje kuwatazama. Saba walikufa na makaburi yao yako hukohuko. Mwaka 1906 Ota Benga, Mmbuti wa kwetu, wa jamii za msituni, aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Alijiua mwaka 1916 huko Virginia. Waliomweka pale walikuwa na elimu, na waliamini wanaonyesha sayansi. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kumchanganya binadamu na kiumbe mwingine ni jambo la mchezoni tu, mjibu kwa heshima kwamba watu wetu walifanyiwa hivyo wakiwa hai, mchana kweupe, kwa tiketi.

Sasa tuje mezani kwako. Huna haja ya kuondoa mbari. Ningesikitika ukifanya hivyo, kwa sababu kuigiza kiumbe mwenye mwili usio wako ni moja ya raha kubwa za mchezo huu. Kaa na kitabu na penseli, pitia kila kiumbe, ujiulize: hili ni la mwili au la malezi? Kuona gizani, kuwa na mabawa, kupumua majini, kuishi miaka mia saba, kuwa na kimo cha mtoto wa miaka saba: hayo ni ya mwili, yaache, tena yatumie zaidi. Mtu anayeishi miaka mia saba anaoaje? Anakopeshaje? Mabalozi wa watu wanaoona gizani wanapanga mikutano saa ngapi? Hapo kuna utajiri ambao ile orodha ya "wachoyo, waongo" haijawahi kuufikia. Akili, uaminifu, ukali, uchoyo, ustadi wa kazi: hayo ni ya malezi na ya historia, na yanatofautiana ndani ya nyumba moja.

Chukua ustadi wa vibete katika madini, ambao kila kitabu kinasema wamezaliwa nao. Sisi tuko katika nchi ya shaba. Misalaba ya shaba imefukuliwa makaburini Sanga, kando ya ziwa Kisale, kutoka karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kufika. Waliokuwa wakiyeyusha malakiti, lile jiwe lenye shaba, wale walioitwa walaji wa shaba, walifanya hivyo wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha. Kazi ilikuwa na bingwa wake, miiko yake, na siri iliyofundishwa kwa aliyekubaliwa kuingia. Mtoto wa bingwa asiyefundishwa hakujua kuyeyusha. Mgeni aliyefundishwa alijua. Ukiwapa vibete wako historia ya namna hiyo, mara moja una hadithi: nani alikataliwa kuingia chamani, nani aliuza siri, nini kilitokea bingwa alipokufa bila mwanafunzi. Damu isingekupa hata kimoja cha hivyo.

Na goblini wa darajani? Wabakishe. Wabakishe na ushuru wao pia. Lakini anza na daraja. Nani alilijenga? Tuseme walilijenga wao, babu zao, wakati mto ulipokuwa ukiua watu kila masika, na mfalme wa binadamu akawapa hati ya kutoza ushuru ili walitengeneze. Mfalme yule amekufa. Mjukuu wake haitambui hati. Wafanyabiashara wanapita usiku bila kulipa, mbao zinaoza, na msimu uliopita mtoto wa goblini alitumbukia. Sasa yupo goblini mzee anayetaka kwenda mjini na hati mkononi, yupo kijana anayetaka kulichoma daraja, na yupo wa tatu anayeweka nusu ya ushuru mfukoni mwake. Huyo wa tatu ni mwizi kweli, na wenzake wanamjua. Wachezaji wako wakifika pale watakuwa na jambo la kuamua. Wakitaka kupigana, wapigane, lakini watajua wamempiga nani.

Kuhusu sauti, kanuni yangu ni fupi, na huwa siilegezi mezani kwangu: lafudhi ya watu walio hai haivishwi kwa mbari nzima. Iwe ya Kasai, ya Kivu, ya Wabemba, ya Wahindi wa madukani, ya Kinshasa. Hata makampuni makubwa yamefanya hivyo. Katika World of Warcraft, mchezo wa kompyuta uliotoka mwaka 2004, troli wanaongea kama Wajamaika, na mchezaji wa Jamaika anakutana na lahaja ya mama yake kinywani mwa mtu mwenye pembe mdomoni anayesemwa kuwa na mababu wala watu. Ukitaka goblini wako wasikike tofauti, mpe kila mmoja namna yake. Mzee wa hati anamaliza sentensi za wengine. Kijana anajibu kila swali kwa swali. Mwizi anakuita "ndugu yangu" kabla hujasema jina lako. Watu wataanza kuwatofautisha kwa sauti ndani ya nusu saa, na watacheka pia, kicheko ambacho hakimfukuzi mtu.

Jambo lingine nililonalo moyoni, hata kama hukuliuliza. Katika meza zetu nimeona viumbe wadogo wa msituni wakipewa sura, nyimbo na hata jina la Watwa au Wambuti. Tafadhali usifanye hivyo. Hao ni raia wenzetu. Kaskazini mwa Katanga ya zamani, kule Manono na Nyunzu, Watwa na Waluba wameuana katika miaka hii yetu, na moja ya sababu ni dharau ya kumwona Mtwa kama nusu ya mtu.

Ubaya usiuondoe. Wachezaji wanahitaji adui wasiyemhurumia, na hakuna dhambi katika hilo. Mpe ubaya wake kwa chaguo: kikosi kinachouza watu, mfalme anayechoma vijiji kwa ajili ya mgodi, madhehebu yenye kafara. Watie humo binadamu, elfi, orki, vibete, mchanganyiko. Mifupa inayotembea nayo ni halali, haina mama. Na kama unataka mfano wa ulimwengu uliopangwa vizuri, tafuta Eberron, iliyobuniwa na Keith Baker na kuchapishwa mwaka 2004: humo goblini walikuwa na dola kubwa kabla binadamu hawajafika katika bara lao, na orki ndio waliokuwa walinzi wa kwanza wa dunia dhidi ya viumbe wa nje. Ilitoka miaka mingi kabla ya matangazo yote niliyoyataja. Iliwezekana siku zote.

Kwa upande wa karatasi zenyewe: mwaka 2023 kanuni za msingi za toleo la tano zilitolewa kwa leseni ya Creative Commons, na zipo kwa Kifaransa, kwa hiyo unaweza kuzichapa, kuzirekebisha na kuwagawia wenzako bila kumwibia mtu. Futa nyongeza zote za namba zilizo chini ya majina ya mbari. Badala yake kila mchezaji aongeze 2 sehemu moja na 1 sehemu nyingine, na aseme mezani alizipata wapi: nani alimfundisha, kazi gani ilimkomaza. Wahusika mliokwisha kuwatengeneza msiwachane. Namba zibaki zilezile, kila mtu abadilishe sababu tu. Kama dada yule akirudi, amkute mhusika wake palepale alipomwacha, na ile Jumamosi ya daraja ihesabiwe haikuchezwa. Wengine wakilalamika kuhusu hazina waliyoipata, waambie uamuzi ni wako kama mwongoza mchezo. Akikataa kurudi, usitume wajumbe. Utakuwa umeshamwambia lililo lako kumwambia, na meza itabaki na nafasi yake akibadili nia.